Ukigusa Mazabodi Umegusa Kila Kitu

Kwenye meza za mafundi wa kompyuta, iwe Double Road pale Moshi au mitaa ya nyuma ya Soko Kuu la Arusha, kuna swali halikosi siku: "Fundi, mashine imekuwa nzito. Nikiweka mazabodi nyingine na prosesa kali, itakuwa shilingi ngapi?" Fundi mwenye haraka anataja bei hapo hapo. Aliyekomaa anajibu kwa maswali: mashine gani, RAM kiasi gani, unaifanyia kazi gani? Ukimpata huyu wa pili usimwache, kwa sababu bei ya "mazabodi na prosesa" peke yake haipo. Mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya ndani, ndiyo inayoamua prosesa (ubongo wa mashine) ipi ikae juu yake, RAM ya aina gani iingie, pawasaplai iwe na waya zipi, hata boksi liwe na matundu ya skrubu wapi. Ukiibadilisha, kila kimoja kinadai chake.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa mashine nyingi tulizonazo huku kaskazini, mazabodi ni kitu cha mwisho kununua. Na ukishafika hapo kwenye mwisho, mara nyingi ni nafuu kununua mashine nzima ya mtumba iliyo changa kuliko kujenga upya ya zamani kipande kwa kipande. Yafuatayo ni sababu zake, pamoja na hali chache ambazo mambo hugeuka.

Mashine ninazozizungumzia unazijua. Ni zile zilizotumika ofisini Ulaya, Marekani au Dubai kabla ya kuletwa kwetu: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ndizo zimejaa kwenye steshenari, shule, maabara za vyuo na ofisi za watalii. Ni ngumu, hazisumbui, na nyingi zinafunguka bila bisibisi. Lakini waliozitengeneza walimlenga mteja mkubwa anayenunua mashine mia kwa pamoja na kuzitoa zote kwa pamoja. Mtu wa kubadilisha kifaa kimoja leo na kingine mwakani hakuwemo kwenye hesabu zao.

Kwanza, nani anachelewesha?

Chukua steshenari moja ya karibu na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mezani kuna OptiPlex 3010, prosesa i3-3220, RAM ya GB 4, hadidiski ya GB 500, na Windows 10. Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB foleni inafika barabarani, na mashine inachukua dakika kadhaa kufungua ukurasa mmoja. Mwenye duka ameshakata shauri kwamba prosesa imechoka.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager linafunguka. Nenda sehemu ya utendaji, kisha fungua kivinjari, faili la Word na programu ya skana kama siku ya kazi ya kawaida. Sasa angalia asilimia. Mara nyingi utakuta diski imeganda kwenye 100, RAM iko karibu na 90, na prosesa inayosingiziwa inacheza kati ya 15 na 30. Yaani prosesa imekaa inasubiri kuletewa kazi.

Kinachotokea ni hiki. RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, ikijaa, Windows huanza kuhamishia mzigo wa ziada kwenye hadidiski. Hadidiski ya kawaida ina sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika na kichwa kinachohama huku na huku kutafuta data. Data zikiwa zimetawanyika, kichwa hicho hakiwezi kuruka zaidi ya mara mia hivi au mia na kitu kwa sekunde. SSD, diski ya chipu tupu, haina kichwa wala sahani, na kazi hiyo hiyo huifanya mara makumi elfu kwa sekunde. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2012 ikiwekewa SSD na RAM ikafika GB 8 mwenyewe huanza kuuliza kama umembadilishia kompyuta.

Hapa kuna neno la muuzaji ambalo halina ukweli kamili: "Bodi yako ya zamani haitafaidi SSD." Ni kweli kwamba bodi yenye chipseti (chipu inayosimamia bodi) ya H61, kama hiyo ya OptiPlex 3010, ina SATA, yaani njia ya kuunganishia diski, ya gigabiti 3 kwa sekunde, wakati SSD za SATA zimetengenezwa kwa gigabiti 6. Kwa hiyo ukinakili filamu moja kubwa hutaona kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ila kuwasha mashine, kufungua programu na kuhama kutoka dirisha moja hadi lingine ni kazi ya vipande vidogo vingi, na huko kizuizi cha SATA hakifiki. Faida utaipata karibu yote. Nyongeza nzuri ni kwamba SSD utaihamisha ukipata mashine nyingine. RAM ya DDR3 nayo ni ya mtumba, si ghali, na H61 inapokea hadi GB 16 kwenye nafasi zake mbili.

Ukishafanya hayo mawili, rudia kipimo. Kama prosesa bado inagonga 100 wakati wa kazi yako halisi, kwa mfano unahariri video za safari ya Serengeti kwa ajili ya kampuni ya utalii, au unachora ramani za majengo kwa AutoCAD, basi sasa tuna sababu ya kuzungumzia prosesa. Kwa steshenari, duka la dawa au ofisi ya mwalimu mkuu, safari kwa kawaida inaishia hapa.

Prosesa mpya kwenye bodi ile ile

Watu wengi hununua kwa kutazama i3, i5 na i7. Herufi hizo zinakueleza cheo ndani ya kizazi kimoja tu. Namba inayofuata ndiyo yenye habari: i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-8500 ni ya kizazi cha 8, i3-12100 ni ya kizazi cha 12. i7-2600 ya mwaka 2011 ilikuwa mfalme enzi zake, lakini i3-12100 inaiacha mbali sana kwenye kila kazi, tena kwa umeme kidogo. Kwa hiyo tangazo la "i7, GB 8, bei poa" bila namba kamili ni mbuzi kwenye gunia.

Kila kizazi kina soketi yake, yaani kitako ambacho prosesa inakaa. Kwa Intel, watengenezaji wa hizi i3 hadi i7, namba ya soketi ni idadi ya sindano zake. Core 2 Duo hukaa kwenye LGA 775. Kizazi cha 2 na cha 3 hukaa kwenye LGA 1155, cha 4 kwenye LGA 1150, cha 6 hadi cha 9 kwenye LGA 1151, cha 10 na 11 kwenye LGA 1200, na cha 12 hadi 14 kwenye LGA 1700. Ukiwa na mashine ya kizazi cha 3 yenye i3-3220, ambayo ina kokwa (core) mbili, unaweza kuitoa na kuweka i5-3470 yenye kokwa nne bila kugusa kitu kingine chochote. Kwenye OptiPlex 7010, hata i7-3770 yenye kokwa nne na nyuzi (thread) nane inakaa vizuri, na i5 na i7 hizo zote ni za wati 77, kwa hiyo pawasaplai ya kiwandani inatosha na feni ya i5 inaweza kuhudumia i7. (Angalia lakini: Dell walilirudia jina la OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine tofauti kabisa ya kizazi cha 13. Ukiona bei mbili zilizopishana kama mbingu na ardhi, huenda si wizi.)

Soketi kufanana hakutoshi, na hapa ndipo pesa za watu wengi huzama. OptiPlex 790 na 990 zina soketi ya 1155, lakini chipseti zake, Q65 na Q67, hazikubali prosesa za kizazi cha 3. Utachomeka i7-3770, itakaa bila kulalamika, na mashine haitawaka. Kwa hizo, mwisho wako ni kizazi cha 2, mfano i5-2500 au i7-2600.

LGA 1151 ni mtego mkubwa zaidi. Bodi za H110, B150 na B250 ni za kizazi cha 6 na 7. Bodi za H310, B360 na wenzake ni za kizazi cha 8 na 9. Sindano ni 1151 kote, umbo ni lile lile, lakini mpangilio wa umeme umebadilishwa. Mtu ana mashine nzuri ya i5-6500, anauziwa i5-8500 kwa maneno kwamba "soketi ni moja", na anarudi nyumbani na kipande cha chuma.

Halafu kuna herufi za mwisho. T ni prosesa ya umeme mdogo, kwa kawaida wati 35, na mwendo wake umepunguzwa. F ina maana haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi ya grafiki monita haitaonyesha chochote. i5-3350P ni hivyo hivyo, ingawa haina F. Xeon E3-1230 v2 inakaa kwenye 1155 na ina nguvu karibu sawa na i7, na mara nyingine huuzwa rahisi, lakini nayo haina grafiki. Kama tayari una kadi, ni ununuzi mzuri. Kama huna, bei ya kadi itaufuta unafuu wote.

Kabla ya kubadilisha, BIOS, programu ndogo ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, isasishwe ukiwa bado na prosesa ya zamani, maana ni BIOS inayomtambua mgeni. Fanya kazi hiyo mashine ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi inaweza isiwake tena, na hapo utalazimika kununua mazabodi ambayo hukuihitaji.

Kazi yenyewe ya mikono ni ya nusu saa kwa mtu mtulivu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha boksi kuondoa umeme tuli mwilini. Legeza skrubu nne za hitisinki, chuma cha kupoza prosesa, kwa mkato wa msalaba, kila moja kidogo kidogo. Kwenye mashine ya miaka kumi grisi huwa imekauka kama chokaa, kwa hiyo usiinyanyue hitisinki kwa nguvu, izungushe kushoto na kulia kwanza hadi iachie. Mashine ikiwa imetoka kufanya kazi na bado ina uvuguvugu, inaachia kirahisi zaidi. Chini yake kuna fremu ya chuma na mkono wa waya pembeni. Sukuma mkono chini, utoe nje, uunyanyue, na fremu itafunguka.

Sasa unaona sindano. Ni nyembamba sana, zimepangwa kwenye mistari iliyoinama upande mmoja, na zikimulikwa kwa tochi ya simu zote zinapaswa kung'aa kwa pamoja. Sindano moja iliyolala huonekana kama doa kwenye mng'ao huo. Usiziguse, usizipulize kwa mdomo, mate yana chumvi. Prosesa mpya ishike kwa kingo, linganisha pembe yenye pembetatu ya dhahabu na alama ya kwenye soketi, na uiachie ikae kwa uzito wake yenyewe. Ukilazimika kuisukuma, kuna kosa. Futa grisi ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, rudisha hitisinki kwa msalaba ule ule. Usisahau waya wa feni.

Bodi ikibadilika kweli

Kuna hali tatu ambazo mazabodi inabidi ibadilike: imekufa, haina tena prosesa ya kupandia, au unataka Windows 11 kihalali.

Hii ya tatu inahitaji maelezo. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haijazimika, inaendelea kufanya kazi, ila mashimo mapya hayazibwi isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, au AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000 kwa sehemu kubwa, pamoja na TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama cha kutunza funguo. Mafundi wanajua njia za kuiingiza kwenye mashine za nyuma, na nyingi zinafanya kazi. Lakini kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 haiwaki kabisa kwenye Core 2 Duo, kwa sababu prosesa hizo hazina amri fulani ambazo mfumo unazihitaji. Kama una Core 2 Duo, usiiongezee hata shilingi. Weka Linux Mint ikae kwa mtoto ajifunzie kuchapa, basi.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme unatoka kwenye OptiPlex 9020, ambayo ni kizazi cha 4, na unataka bodi ya kizazi cha 10 au cha 12. Chukua karatasi.

Bodi na prosesa, sawa. RAM yako ya DDR3 ina miguso 240 na mkato mahali pengine. Bodi mpya inataka DDR4 yenye miguso 288, au DDR5. Kwa hiyo RAM mpya. Na RAM si kitu kidogo tena: tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda sana duniani kote, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba. Pawasaplai ya 9020 inatoa plagi ya pini 8 kwa bodi, wakati bodi za kawaida zinataka pini 24. Vipo viunganishi vya kutoka pini 24 kwenda 8, lakini vinasaidia pawasaplai ya kawaida kulisha bodi ya Dell, na wewe unahitaji kinyume chake. Pawasaplai mpya, basi. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina pini 6, hadithi ni ile ile.

Boksi nalo. Waya za swichi ya mbele, taa na USB kwenye mashine hizi zimefungwa kwenye plagi moja ya kiwanda isiyoingia kwenye bodi ya kawaida. Kibati cha nyuma chenye matundu ya USB na mtandao mara nyingi ni sehemu ya boksi lenyewe, hakitoki. Feni za Dell za miaka hiyo baadhi zina plagi ya waya tano. Fundi mjanja ataunganisha waya kwa solda na kukata kibati kwa msumeno, na nimeona kazi za namna hiyo zikifanywa vizuri kabisa. Lakini muda wake ni pesa, na vumbi la Moshi la Januari litaingia kwenye kila tundu aliloliacha wazi.

Hitisinki angalau ina habari njema kwa upande mmoja: umbali wa matundu yake ni milimita 75 kuanzia LGA 1156 hadi LGA 1200, kwa hiyo ya kawaida ya soketi moja inaweza kuhamia nyingine. LGA 1700 imeongeza hadi 78, na hapo unanunua tena.

Mwisho kuna Windows. Leseni iliyokuja na Dell au HP ya kuanzia enzi za Windows 8 imeandikwa ndani ya bodi yenyewe. Bodi ikiondoka, leseni imeondoka nayo. Na kama diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha mafaili, bodi mpya itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Utafute kabla hujafungua skrubu ya kwanza. Usipokuwa nao, mafaili yamekwenda. Windows 10 na 11 kwa kawaida huamka zenyewe kwenye bodi nyingine na kujitafutia draiva, lakini ikigoma kwa kioo cha bluu, ingia BIOS uangalie kama bodi ya zamani ilikuwa kwenye "RAID On", ambayo Dell huiweka tangu kiwandani, na mpya iko kwenye AHCI; hizo ni namna mbili za bodi kuongea na diski. Wengi hupiga Windows upya kwa tatizo ambalo ni la kubadilisha chaguo moja tu.

Jumlisha karatasi yako: bodi, prosesa, RAM, pawasaplai, boksi, pengine feni, pengine leseni. Kilichobaki cha mashine ya zamani ni SSD na monita. Hiyo ni kompyuta mpya iliyonunuliwa vipande vipande kwa bei ya rejareja.

Upande wa pili wa karatasi andika bei ya mashine nzima ya mtumba ya kizazi cha 8: OptiPlex 3060 au 5060, HP ProDesk 600 G4, ThinkCentre M720. Nyingi huja na i5-8500 yenye kokwa sita na wati 65, RAM ya DDR4 ikiwa ndani, TPM ipo, leseni ipo, na nyingi zina nafasi ya SSD ya NVMe, aina yenye kasi kuliko ya SATA. Mashine ya zamani unaiuza, au unaiachia kazi ya kuchapa risiti na kupiga muziki. Sijawahi kuona karatasi hiyo ikielemea upande wa bodi mpya kwa mtu wa matumizi ya kawaida, labda awe na boksi na pawasaplai za kawaida tayari.

Na huyo mtu yupo. Kama boksi lako ni la kuungwa na fundi, lenye pawasaplai nzuri ya pini 24 na nafasi ya bodi ya ATX, sheria inageuka, kwa sababu nusu ya vitu kwenye ile karatasi tayari unavyo. Ningekushauri uangalie AMD ya soketi ya AM4. Soketi hiyo imebeba Ryzen za kwanza hadi mfululizo wa 5000, kwa hiyo unaweza kuanza na Ryzen 3 3200G leo na kupanda hadi Ryzen 5 5600G yenye kokwa sita baadaye, bodi ikiwa ile ile, ilimradi BIOS yake isasishwe. Zote mbili zina grafiki ya ndani inayoweza kubeba hata gemu za wastani. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba kwa AM4 sindano ziko chini ya prosesa, si kwenye bodi, na unapotoa hitisinki yenye grisi kavu prosesa inaweza kung'oka nayo. Zungusha kwanza.

Bodi mpya za bei ya kutupa

Utakutana pia na bodi mpya kabisa, kwenye boksi lenye rangi kali, zilizoandikwa H61 au H81. Chipseti za mfululizo huo zilitoka kati ya 2011 na 2013. Viwanda vidogo vya China vinaendelea kuunda bodi mpya juu yake. Zina kazi yake moja nzuri: bodi ya mashine yako ya kuungwa imekufa, prosesa na RAM ni nzima, unataka kurudi kazini wiki hii kwa pesa ndogo. Kwa hilo, nunua. H61 ni ya prosesa za kizazi cha 2 na 3; kama yako ni ya kizazi cha 4, yako ni H81, nayo ina SATA mbili za gigabiti 6. Ila kuanza safari mpya juu ya H61, yaani kununua bodi, prosesa na RAM zake zote kwa pamoja, ni kulipia mwaka 2012 kwa pesa ya leo.

Bodi za X99 zinazouzwa mtandaoni ni jambo jingine. Zinakuja na Xeon kama E5-2670 v3 yenye kokwa 12, na namba hiyo inalevya. Prosesa hiyo ni ya wati 120, haina grafiki, inataka kadi, pawasaplai nene na hitisinki kubwa. Kwa studio inayotoa video usiku kucha inaweza kulipa. Kwa wengine, LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ndiyo itakayokueleza.

Mezani kwa muuzaji

Ukienda dukani sema "prosesa" na namba yake yote, maana ukisema "CPU" utaletewa boksi zima. Bodi ya mtumba isikubalike ikiwa mfukoni. Iwekwe mezani, prosesa na RAM zichomekwe, iwashwe mbele yako. Kabla ya hapo, mulika soketi kwa tochi, kisha angalia kapasita zilizoizunguka: kichwa kiwe bapa, kisiwe kimevimba wala na unga wa kahawia. Kagua kila nafasi ya RAM kwa kuhamisha kijiti kimoja humo humo, si kuziamini kwa macho. Ingia BIOS, soma jina la prosesa na kiasi cha RAM, subiri dakika tano uone joto halipandi bila kukoma. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, hiyo ni betri ya CR2032 tu, isikutishe, ila itumie kushusha bei.

"Dada, hii nimeijaribu mwenyewe asubuhi," atakuambia.

"Sawa kaka, basi tuijaribu tena pamoja."

Anayekataa hapo amekujibu.

Vitu vingi vinatoka Kariakoo na kupandishwa kwa basi la usiku. Hakuna ubaya, bei huwa nzuri, lakini bodi isafiri prosesa ikiwa imekaa kwenye soketi au kifuniko cha plastiki kikiwa kimefungwa, na hitisinki nzito iondolewe, maana mitikiso ya njiani inaweza kuikwanyua. Omba picha ya karibu ya sindano kabla ya kutuma pesa, na kubalianeni kwa maandishi kwenye simu siku ngapi za kurudisha. Ukipokea mzigo stendi, fungua hapo hapo na upige picha za kwako.

Unapowasha mara ya kwanza nyumbani, usifunge boksi. Chomeka kijiti kimoja cha RAM, monita, kibodi, basi. Ikiwaka na kufika BIOS, zima, ongeza kijiti cha pili, kisha SSD, kisha vingine, kimoja kimoja, ili kikigoma ujue ni nani. Na kabla ya kurudisha kifuniko, peleka feni ya pawasaplai ikapulizwe kwa bloa. Vumbi la miaka kumi likibaki mle, joto la Machi litaimaliza mapema kuliko umri wake.